Ekari moja pembeni ya mto, wilayani Hai: nikague nini kabla sijalipa?

Mgeni wa Bomang'ombe:
Wakuu, salaam. Nimeonyeshwa ekari moja wilayani Hai, inapakana na mto Kikafu. Nataka kujenga nyumba na mabanda ya kuku. Dalali anasema mwenyekiti wa kijiji akishagonga muhuri, biashara imeisha. Ni kweli?

Bikoni:
Si kweli, ila muhuri uache kwanza, anza na mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ekari ya mraba ina mita kama 63.6 kila upande. Toa 60: unabaki na kaukanda ka mita tatu na nusu, hata banda la vifaranga halikai. Na hizo ekari za "hatua 70 kwa 70" zinategemea miguu ya aliyehesabu. Vuta tepu mwenyewe, uanzie pale maji ya masika yanapofika, si yalipo Septemba.

Mama Kihamba:
Mkuu, kabla ya tepu pita halmashauri ya wilaya kwa afisa mipango miji. Swali ni moja: eneo limeshatangazwa kuwa la mpango miji? Kama ndiyo, omba kuona mchoro. Kiwanja cha shamba hujengi makazi bila kubadili matumizi, na kibali cha ujenzi kinafuata hapo.

Kama bado ni ardhi ya kijiji, inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Wewe si mkazi, kwa hiyo ridhaa ni ya halmashauri ya kijiji, si ya mwenyekiti akiwa kwake sebuleni. Dai nakala ya muhtasari wa kikao, wenye mahudhurio na saini. Uliza pia mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Huenda hapo palitengwa kwa malisho. Mke wa muuzaji naye asaini. Ikiwa ni kihamba (shamba la ukoo la Wachaga), ukae na ukoo wote, maana kaka aliyeko Dar ndiye huja na zuio la mahakama msingi ukishamwagwa.

Mgeni wa Bomang'ombe:
Asanteni. Upande wa juu kuna barabara kuu, na nilitaka kuchimba kisima.

Bikoni:
Basi pima na huko: hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo usiloruhusiwa kujenga, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kisima cha mashine kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi zao ziko Moshi. Ila kwa mto huku na lami kule, mimi ningemwambia dalali anionyeshe kingine.