Simu ya kijana imegoma kwenye akaunti ya mtu: tumpe fundi au la?

Mama Z., Kansanga

Ndugu zangu wa jumuiya, habari za wikendi. Mdogo wangu anayesoma hapa Kansanga, Kampala, alinunua iPhone 12 kwa mwanafunzi mwenzake aliyekuwa anafunga mizigo kurudi Mwanza. Laki nane za Uganda, akalipa kwa mobile money. Simu ilikuwa nzima mpaka ilipojaa, akaipeleka ikafutwe kwa kompyuta. Ilipowaka inadai barua pepe na nywila ya mwenyewe, na hiyo barua pepe imefichwa kwa vidoti, inaonekana herufi ya kwanza tu. Fundi mmoja karibu na Old Taxi Park anasema ataipiga baipasi, yaani airuke hiyo nywila, kwa laki na nusu, bila swali. Hilo la "bila swali" ndilo lililonikwama kooni. Mnaojua mambo haya nisaidieni, maana hela ilitoka kwa mzee nyumbani na si ya kuchezea.

Mpwa wa Bukoba, Ntinda

Dada usijisumbue. Kijana katoa hela yake, simu ni yake. Apple wako California, Kansanga hawaijui. Mpe fundi, mtoto aendelee na masomo.

Mjomba, Makindye

Mpwa, wewe hujaibiwa bado. Mimi nilikuwa kwenye foleni pale Clock Tower, kioo kiko chini, mkono ukaingia ukatoka na simu. Nilikwenda polisi nikaandikisha, nikapewa namba ya SD, ile ya kitabu cha taarifa cha kituo, basi. Siku chache baadaye, laini yangu ikiwa imesharudishwa, ikaingia SMS: simu yako imepatikana, bonyeza hapa uone ilipo. Ukurasa ule ulikuwa Apple mtupu, nembo na kila kitu, unaomba nywila. Binti yangu ndiye aliyenizuia kidole. Huyo aliyetuma ile SMS simu yangu alikuwa nayo mezani, anasubiri nimfungulie mwenyewe.

Fundi Mstaafu, Wandegeya

Shikamoo Mjomba, pole sana. Mama Z., nimekaa kwenye meza za simu pale mjini miaka mingi kabla ya kuhamia vipuri, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wateja huvichanganya kila siku. Kuna simu iliyofungwa na kampuni ya mtandao, zile za kutoka Ulaya au Marekani zinazokataa laini ya MTN au Airtel. Hilo ni jambo la mkataba na biashara, na Uingereza kwenyewe kampuni zimekatazwa kuuza simu za namna hiyo tangu Desemba 2021. Mtu akiniletea hiyo namfungulia mchana kweupe. Kufuli la akaunti ni jambo jingine kabisa. Apple walilileta 2013 pamoja na iOS 7, mfumo wa iPhone wa wakati huo, Google wakafuata 2015 na Android 5.1, na shabaha ilikuwa moja: mwizi akiifuta simu, asipate cha kuuza. Kwa iPhone rekodi yake iko kwenye seva za Apple, ndiyo maana hata uifute mara mia bado inamuuliza mwenyewe. Na lilifanya kazi. Takwimu zilizotolewa na maofisa wa Marekani mwanzoni mwa 2015 zilionyesha wizi wa iPhone umeshuka kwa asilimia 40 San Francisco na asilimia 25 New York katika mwaka mmoja baada ya kufuli kuanza. Fundi anayefungua bila swali anamrudishia mwizi soko lake.

Sasa hiyo baipasi yenyewe. iPhone za zamani, mpaka iPhone X, zina tundu kwenye chipu lililotangazwa 2019, na Apple hawawezi kuliziba kwa sasisho la programu. Mafundi hupita hapo. Hata hivyo, mara nyingi simu inabaki haipigi, au inajifunga upya siku ukiisasisha, na mteja anarudi dukani akitukana. iPhone 12 haina tundu hilo. Kwa hiyo dada yangu jiulize, huyu wa Old Taxi Park ataifunguaje? Simjui, simsingizii. Ila njia ninayoijua mimi kwa simu mpya ni ile ile iliyomfikia Mjomba: unatafuta namba ya mwenye simu, unamtumia ukurasa bandia, anaingiza nywila mwenyewe, basi umefungua. Tena umepata na picha zake, barua pepe zake na chochote kingine kilichomo kwenye akaunti. Mteja anadhani amelipia ufundi, kumbe amelipia utapeli afanyiwe mtu asiyemjua. Na asipotumia njia hiyo ataivunja auze vipuri, ingawa tangu iOS 18 hata vipuri vimeanza kufuatwa na kufuli hilo.

Njia ya bure ipo. Kama yule wa Mwanza ndiye mwenye akaunti, aingie iCloud, yaani akaunti yake ya Apple mtandaoni, kwa kifaa chochote alichonacho, achague hiyo simu, aiondoe kwenye akaunti yake. Simu ibaki hapa hapa Kansanga, wala asimpe mtu nywila. Ni kazi ya dakika chache. Akianza kuzunguka maneno, mmeshapata jibu lenu.

Mpwa wa Bukoba, Ntinda

Fundi nimekusoma, lakini unazungumza kama vile sote tunanunua simu dukani kwa risiti. Apple wanaondoa kufuli ukiwaletea risiti halisi ya ununuzi. Haya, sokoni Owino nani anaandika risiti? Kuna wakimbizi hapa Kampala waliovuka mpaka na simu tu mfukoni, nywila zimepotea na barua pepe imesahaulika. Hao nao wezi? Kufuli hili limetengenezwa na watu wenye madroo ya kutunzia makaratasi.

Fundi Mstaafu, Wandegeya

Hapo umesema kweli na sina ubishi. Ndiyo maana sisemi kila kufungua ni dhambi. Kwenye Android, anayekumbuka ile PIN ya zamani ya skrini mara nyingi hupitia hapo bila fundi, na akaunti ya Google nayo huweza kurejeshwa kwa namba ya simu kama laini bado anayo. Wengi waliokuja kwangu wakilia nywila nilikaa nao tukairudisha hivyo. Kazi inachukua mchana mzima na malipo yake ni ya soda, kwa hiyo usitegemee kuikuta kwenye mabango.

Iliyonisumbua ni ya wafiwa. Aliletwa kwangu mama mmoja wa Kikongo na Android ya marehemu mumewe. Alikuwa anataka picha. Nikamweleza kwamba simu imeshafutwa na shemeji yake aliyekuwa akijaribu kuifungua, picha zilizokuwa humo zimekwenda, na baipasi inarudisha chombo kitupu. Alinyamaza, akasema basi angalau mtoto aitumie shuleni. Nikaomba cheti cha kifo na barua ya mwenyekiti wa mtaa (LC1), akaleta vyote, nikamfungulia. Kwa kanuni za Google sikuwa na ruhusa hiyo. Kesho akija mwingine mwenye karatasi zile zile nitafanya vile vile. (Wenye iPhone: tangu iOS 15.2 unaweza kumteua mtu atakayeshughulikia akaunti yako ukifa. Fanyeni leo, na wake zenu wajue.)

Simu za mkopo ambazo watu wanakimbia deni lake na kuziuza mpakani Busia sizigusi. Deni ni deni.

Katibu, Muyenga

Naongeza la usalama tu. Laini zetu hapa zimesajiliwa kwa pasipoti au kitambulisho cha mkimbizi. Ukishaweka laini yako kwenye simu, mtandao unaiona IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu hiyo, pamoja na jina lako. Mwenye simu akiripoti na polisi wakaifuatilia, mlango utakaogongwa ni wako, fundi atakuwa kwake anakula rolex yake ya chapati na yai. Kupokea mali ya wizi huku unajua ni kosa la jinai Uganda, na kuingilia akaunti ya mtu kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Mwanafunzi wa kigeni akiingia huko, hata akitoka salama, muhula umeshapotea.

Mama Z., Kansanga

Nawashukuru wote. Tumempigia wa Mwanza. Mwanzoni alisema yuko kwenye daladala, baadaye akakiri kwamba naye aliinunua Kabalagala kwa mtu wa boda, na akaunti haijawahi kuwa yake. Alikuwa akiitumia hivyo hivyo bila kuifuta. Kijana analia laki nane. Mpwa, bado unasema simu ni yake?

Mpwa wa Bukoba, Ntinda

Dada, hapo nanyamaza. Ila laki nane zirudi. Huyo wa Mwanza alijua, angeshindwaje kumwambia mwenzake?

Mjomba, Makindye

Namfahamu baba wa kijana huyo wa Mwanza, tulisoma pamoja Ihungo. Nitampigia leo jioni, kiutu uzima. Akikubali hata nusu kwanza, tuchukue.

Katibu, Muyenga

Simu yenyewe msiirudishe kwa aliyeuza, na msiiache droo. Nimeongea na wakili wetu, anasema tuikabidhi polisi kwa maandishi na tupewe namba ya SD, ili ionekane kijana ndiye aliyeileta. Mama Z., piga picha IMEI kwenye kitrei cha laini, chapisha meseji za mobile money na ule mtiririko wa WhatsApp waliokubaliana bei. Kesho saa nne asubuhi, CPS (kituo kikuu cha polisi), wakili atakuwepo. Kijana aje na pasipoti na kitambulisho cha chuo. Mpwa, wewe ndiye mwenye gari, wapitie Kansanga saa mbili na nusu kabla Ggaba Road haijafunga.