Ushauri wenu wakuu: saa ya mita 3,900 kwa mzamiaji wa Mikindani, ninunue au niache?

Mzamiaji_Mikindani
Habari za jioni wakuu. Kazi yangu ni kuzamisha wageni kwa mitungi, mara nyingi upande wa Msimbati. Tunashuka mita 15 hadi 20, tukizidisha sana 30. Hela ya korosho imeingia, na kaka mmoja aliyekuwa kwenye meli za gesi anauza Rolex Deepsea yake, imeandikwa mita 3,900. Bei yake napata boti ya faiba na mashine. Hawa watu wanamtengenezea nani saa ya kina hicho? Nami niichukue?

Mwalimu_Masasi
Mdogo wangu, hayo ni mashindano ya majina. Januari 23, 1960, Jacques Piccard na Don Walsh walishuka na chombo kiitwacho Trieste hadi chini ya Mfereji wa Mariana, sehemu yenye kina kirefu kuliko zote baharini, karibu mita 10,916. Nje ya chombo ilifungwa Rolex, ikarudi inatembea. Mwaka 2012 James Cameron, yule mtengeneza filamu, alishuka na Rolex nyingine. Mwaka 2019 wapinzani wao Omega wakapeleka saa yao na mpelelezi wa bahari Victor Vescovo. Mwaka 2022 Rolex wakaanza kuuza ya mita 11,000! Wakati Ahmed Gabr wa Misri, kwa rekodi yake ya 2014, alizamia kwa mitungi mita 332 tu. Nunua boti.

Binti_Lindi
Mwalimu, shikamoo, ila hapo sikubali kwamba ni majina tu. Kule chini Mariana, eneo la ukubwa wa ukucha linabeba zaidi ya tani nzima. Kutengeneza kitu chenye kioo kikahimili mzigo huo ni ufundi wa kuheshimiwa. Na wapo waliohitaji kweli: wazamiaji wa mafuta na gesi wanaokaa siku nyingi kwenye chumba cha shinikizo, wakivuta hewa yenye heliamu. Ile gesi hupenya ndani ya saa, na shinikizo likishushwa inaweza kufyatua kioo. Ndiyo maana mwaka 1967 Sea-Dweller, saa ya Rolex ya wazamiaji, ilikuja na vali ya kuitoa gesi hiyo. Huyo kaka wa meli huenda aliinunua akijua anachotafuta.

Fundi_Saa_Mtwara
Kaka, kwa kazi yako mita 200 zinatosha na kubaki. Tafuta iliyoandikwa ISO 6425, yaani kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia, na kile kifungo cha pembeni kiwe cha kukaza kwa kuzungusha. Saa nyingi ninazoletewa zimeingia maji kwa sababu raba zimekauka au mtu kasahau kukaza. Namba ya mgongoni inahusu saa ikiwa mpya. Kila ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo ya chumvi. Na kompyuta ya kuzamia usiiache, kwani ndiyo inayokuhesabia muda wa kupanda salama.

Mzamiaji_Mikindani
Nimewaelewa wote. Boti kwanza, na ya mita 200 nitaitafuta. Fundi, kubadilisha raba na kupima shinikizo unafanya hapohapo?

Fundi_Saa_Mtwara
Raba nabadilisha. Kupima ni mpaka Dar, na ufanye hivyo kabla hujashuka nayo.