"Mara moja kwa mwezi"? Gumzo la Ukoo wa Bibi

Mama Salma: Shikamooni wote. Ni mimi Salma, natumia simu ya mama. Mwalimu wa Kiingereza kaniwekea kosa. Sentensi ni "My uncle visits us once in a blue moon". Nikaandika: mjomba hututembelea mara moja kwa mwezi. Kosa liko wapi?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Umeponzwa na neno mwezi. Sisi mwezi wa angani na mwezi wa kulipa kodi ya nyumba ni jina moja. Wenzetu wana mawili, na hapo ni wa angani. Maana yake mjomba huja kwa nadra sana, hata miaka hupita.

Idi: Na huo ubuluu, shangazi?

Shangazi Mwanaidi: Haugeuki rangi. Mwezi hupevuka kila baada ya siku 29 na nusu hivi. Kalenda ya ukutani ina miezi ya siku 30 na 31, kwa hiyo ukipevuka tarehe 1, huwahi kupevuka tena kabla karatasi haijageuzwa. Huo wa pili ndio blue moon. Hutokea kila miaka miwili na nusu au mitatu. Agosti 2023 ulikuwepo, wa kwanza tarehe 1 usiku, wa pili alfajiri ya tarehe 31.

Idi: Naam! Bamvua la siku zile lilizifuata ngalawa tulikokwisha kuzivuta.

Shangazi Mwanaidi: Na kwa hesabu yetu ya Kiislamu hauwezekani kabisa. Mwezi unaandama, unafika kumi na nne, unakwisha. Napenda sana hilo.

Ba'mdogo Rashidi (Maskati): Salma, shika sana hili. Nilipoanza kazi huku, msimamizi aliniuliza chujio za viyoyozi nasafisha mara ngapi. Nikajibu "once in a blue moon", nia yangu kila mwezi. Niliitwa ofisini nijieleze, na chujio zilikuwa safi. Kazini taja siku au wiki. Msemo huu ni wa maongezi.

Mama Salma: Kwa hiyo ni sawa na "never"?

Shangazi Mwanaidi: La. Never haji abadani. Huyu huja, ila umngoje. Kiswahili tunasema adimu kama wali wa daku.

Mama Salma: Mjomba hututembelea kwa nadra sana. Ni Salma bado.

Shangazi Mwanaidi: Hapo sawasawa. Mpelekee mwalimu.

Bibi: Nimesomewa yote. Wali wa daku ni Rashidi. Idi tatu hizi sijamwona.

Ba'mdogo Rashidi (Maskati): Shikamoo mama. Likizo wamenipa, tiketi nimekata jana. Kumi la mwisho la Ramadhani nitakuwa kwako. Niwekee huo wali.

Bibi: Marahaba baba. Wa nazi?

Ba'mdogo Rashidi (Maskati): Wa nazi, mama. Na ukoko.