Rotaveta kwenye Massey Ferguson 135 ya gia 6: gia boksi na klachi vitahimili?

Jaruba_Dakawa
Wakuu, habari za kazi. Nina MF 135 ya zamani, injini Perkins ya silinda 3, gia 6 za mbele (3 za low, 3 za high). Mpaka sasa imefanya kazi ya jembe la diski na tela tu. Natafuta rotaveta (mashine ya visu vinavyozunguka kuvuruga udongo) kwa ajili ya majaruba ya mpunga, udongo ni mbuga nyeusi. Zipo mbili, ya mita 1.25 na ya mita 1.5, zote za PTO 540 (PTO ni shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha kifaa, hapa mizunguko 540 kwa dakika). Muuzaji anasema trekta yoyote ya HP 45 inazungusha ya mita 1.5. Hofu yangu ni gia boksi, maana imetumika sana, na klachi iliyomo sijui ni ya aina gani. Nichukue ipi, na nikague nini kabla sijalipa?

Fundi_Dizeli
Mkuu, HP 45 anayoisema muuzaji ni ya injini. Kwenye PTO, MF 135 ilipokuwa mpya ilitoa kama 37, na pampu na nozeli zikishachoka inashuka chini ya hapo. Rotaveta ya mita 1.5 kwenye mbuga kavu itaizidi. Ukiwa unavuruga tu jaruba lenye maji, tena lililokwisha limwa, ya 1.5 inakwenda. Kama ardhi utaikata ikiwa kavu, chukua ya 1.25.

Ila hilo si kubwa. Kubwa ni klachi, kwa sababu MF 135 zilitoka za aina mbili: zenye klachi moja, na zenye klachi ya hatua mbili. Kuitambua ni rahisi. Tafuta sehemu tambarare, ingiza PTO bila kufunga kifaa chochote, weka gia ya kwanza low, uache trekta itambae. Mtu mwingine asimame pembeni, mbali na shafti, aangalie. Kanyaga pedali taratibu hadi katikati. Trekta ikisimama huku shafti ya PTO inaendelea kuzunguka kwa nguvu ileile, na ukikanyaga hadi chini ndipo shafti nayo inaacha, hiyo ni ya hatua mbili. Vikiacha vyote kwa pamoja, ni klachi moja, au ni ya hatua mbili iliyofungwa vibaya. Kwa hiyo kabla hujahukumu, rekebisha kwanza uchezaji wa pedali.

Klachi ya hatua mbili ndiyo inayofaa kwa rotaveta. Unasimamisha trekta kwenye kona, visu vinaendelea kuzunguka na lifti inaendelea kunyanyua. Ukikanyaga hadi chini lifti nayo inakufa, kwa sababu pampu ya haidroliki inaendeshwa na upande huohuo wa PTO. Dereva anayekanyaga pedali yote kila kona atalalamika kuwa lifti ni mbovu.

Dalili ya pleti ya PTO iliyokwisha: mlio wa injini haubadiliki, ila visu vinapunguza mwendo mara tu vinapogusa ardhi, na harufu ya kuungua inatoka kwenye kengele (nyumba) ya klachi. Hapo usiendelee hata mstari mmoja. Joto likishapasua presha pleti, gharama inakuwa nyingine kabisa.

Mbuga_Nyeusi
Naongezea suala la mwendo, kwa sababu ndilo linaloamua kama gia boksi yako inaendana na rotaveta. PTO lazima iwe 540, na kwenye 135 hiyo unaipata injini ikiwa karibu na mizunguko 1,700 kwa dakika. Huwezi kupunguza mafuta ili trekta iende pole, kwa sababu visu navyo vitapungua. Mwendo wa pole lazima utoke kwenye gia.

Pima: simika vigingi viwili umbali wa mita 20, injini 1,700, gia ya kwanza low, hesabu sekunde. Sekunde 36 ni kilomita 2 kwa saa, 24 ni kilomita 3, 18 ni kilomita 4. Kwa mbuga tafuta kati ya 2 na 3.

Kisha zungusha shafti ya kuingilia ya rotaveta kwa mkono, uone inachukua mizunguko mingapi ili rota izunguke mara moja. Ikiwa 2.7, rota itakwenda mizunguko 200 kwa dakika. Kila sahani ya rota kwa kawaida ina visu 6, vitatu vimepinda kulia na vitatu kushoto, kwa hiyo kila upande unakata mara 600 kwa dakika. Kwa kilomita 2 kwa saa, kila kisu kinamega udongo wa sentimita 5.6. Kwa kilomita 4 ni sentimita 11, na hapo utabaki na mabonge hata upite mara mbili.

Wenye Ferguson TE20 ndipo wanapokwama. Gia ya kwanza ya ile trekta PTO ikiwa kwenye mwendo wake ni kama kilomita 4 kwa saa, na ndiyo maana ziliwahi kutengenezwa gia boksi za ziada za kupunguza mwendo. MF 135 ya gia 6 haina tatizo hilo kwenye low.

Jaruba_Dakawa
Asanteni sana wakuu. Nimejaribu kama alivyosema Fundi, na pedali imerekebishwa: vyote vinaacha pamoja. Ni klachi moja. Mwendo gia ya kwanza low uko ndani ya 2 na 3. Je, niachane na rotaveta, au kuna njia?

Fundi_Dizeli
Njia ipo, usiachane nayo. Elewa kwanza hatari iko wapi. Kwenye klachi moja, shafti ya PTO na gia za mwendo hubaki zimeshikana hata ukikanyaga pedali. Rota ni chuma kizito kinachozunguka, kwa hiyo ukikanyaga, injini inaachana na gia boksi lakini rota inaisukuma trekta mbele. Umekanyaga klachi na trekta bado inakwenda, tena kuelekea tuta au mfereji.

Dawa yake ni kifaa cha njia moja kinachovaa kwenye shafti ya PTO, wengi wanakiita ovararani. Nguvu ya injini inapita kwenda kwenye rota, ila rota haiwezi kurudisha nguvu nyuma. Cha trekta yako ni inchi 1⅜, meno 6, nje na ndani. Kipake grisi, na kila wiki ukizungushe kwa mkono: upande mmoja kiteleze, upande mwingine kishike. Kikishika pande zote mbili, hakikulindi tena.

Kifaa hicho kinaongeza urefu kama sentimita 10, kwa hiyo propela ya rotaveta (shafti inayoiunganisha na PTO) lazima uipime upya. Nyanyua na shusha rotaveta taratibu, injini ikiwa imezimwa, utafute mahali umbali ni mfupi kuliko pote. Hapo bomba la ndani libakize sentimita 3 hadi 5 kabla ya kugonga mwisho. Umbali ukiwa mrefu kabisa, mabomba yaendelee kupishana angalau theluthi moja. Kata bomba la ndani, la nje na kava zake kwa kipimo kilekile, piga tupa, paka grisi. Propela ndefu inagonga beringi ya PTO kila ukinyanyua. Sili inaachia, maji ya jaruba yanaingia, na kwa kuwa mafuta ya gia boksi ndiyo hayohayo ya haidroliki, pampu nayo inaharibika. Mafuta yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, simamisha kazi, uyamwage.

Mbuga_Nyeusi
Kuna jambo wengi hawalijui. Jembe linavutwa, rotaveta inasukuma. Visu vinazunguka upande uleule wa tairi, ncha zake zikienda karibu kilomita 19 kwa saa kama rota ni ya kipenyo cha sentimita 50, na trekta inakwenda 2. Kwa hiyo gia zinabeba mzigo upande wa pili wa meno, na gia iliyochoka inachomoka. Jaribu kabla hujanunua: shuka mteremko mfupi ulio wazi kwa gia ya kwanza low, mguu mmoja kwenye breki, mafuta umeachia. Gia ikiruka na kuwa huru, itaruka na kwenye rotaveta. Fungua kifuniko cha juu, angalia uma wa gia uliolika, springi na kile kigololi cha kushikilia. Mara nyingi springi ndiyo imelegea, na ni spea ya bei ndogo. Kama meno yenyewe yamekuwa ya duara nchani, badilisha gia.

Kwa sababu hiyohiyo, lifti itumie kwenye pozisheni (inashika kimo ulichoweka), usitumie drafti (inayojipandisha na kujishusha kwa mvuto wa kifaa). Drafti inategemea kifaa kivute, na hapa hakivuti. Kina cha kukata kiwekwe na skidi (viatu vya chuma) za pembeni. Na lever ya PTO isiwekwe ile nafasi inayofuata mwendo wa tairi.

Anayesoma hapa akiwa na 135 ya Multi-Power (yenye lever ya kubadili high na low bila kukanyaga klachi), asifanye kazi ikiwa kwenye low ya Multi-Power: upande huo hauna breki ya injini, rota itaisukuma trekta bila kizuizi. Weka high, upunguze mwendo kwa gia.

Jaruba_Dakawa
Nimeelewa. Basi nachukua ya 1.25. Ila je, si itaacha alama za tairi?

Fundi_Dizeli
Itaacha, usipoisogeza. Tairi za nyuma zikisogezwa ndani kabisa, upana wa nje kwa nje ni kama mita 1.53, kwa hiyo ya 1.25 ikikaa katikati inaacha sentimita 14 kila upande. Isogeze rotaveta kwenye fremu yake ifute tairi moja, na alama ya tairi ya pili uifute kwa mstari unaofuata. Bolti ya kukatika weka ya ugumu wa 8.8 kama kitabu cha rotaveta kinavyosema. Ukiweka ngumu zaidi, kisiki kikinasa kitakachokatika ni kitu cha ndani ya gia boksi. Na minyororo ya pembeni ya lifti ikaze, ibaki sentimita 2 tu za kucheza.