Sungura wa Zuu kagoma kula

Mama Zuu: Jamani, Pamba, sungura wa Zuu, kajikunyata pembeni tangu jana jioni. Hali, na leo sijaona hata punje ya kinyesi. Tumbo gumu. Mtoto analia tu hapa.

Mjomba Hamisi: Jana alikula nini?

Mama Zuu: Shikamoo kaka. Ugali, kabichi na mkate. Zuu anamgawia sahani yake.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Basi ndiyo hapo. Sungura hatapiki, kikiingia kimeingia. Ugali na mkate vinachacha tumboni, kabichi nyingi nayo inaongeza gesi, mwisho utumbo unagoma. Nusu siku bila kula wala kunya ni dharura. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi.

Shangazi Mwana: Si ampe kijiko cha mafuta ya kula kwanza?

Mjomba Hamisi: Hapana dada! Tumbo likijaa hivyo usimmiminie kitu, kitaenda mapafuni.

Mama Zuu: Nipo kwenye bajaji.

Faridi: Mjomba, mimi najua karoti ndiyo chakula chao 😅

Mjomba Hamisi: Ya kwenye katuni hiyo. Karoti ina sukari, kipande kama kidole, tena siku mojamoja. Chakula chake ni nyasi, kutwa kucha. Meno yake hayaachi kuota, nyasi ndizo zinazoyasaga.

Shangazi Mwana: Uani kwao kuna matembele.

Mjomba Hamisi: Matembele ampe, mazuri. Ila majani ya viazi mbatata asithubutu, yana sumu, na ya nyanya pia. Viazi hivyo viwili si ndugu wa karibu. Parachichi pia hapana, tunda wala jani. Vitunguu vya aina zote, hapana.

Faridi: Na kisamvu?

Mjomba Hamisi: Kibichi kina sayanidi. Sisi tunakitwanga na kukichemsha, sungura nani atamtwangia? Mchunga na kishona nguo vimejaa kando ya njia, achume pasipopigwa dawa, aoshe, akaushe maji kivulini.

Zuu (simu ya baba): Shikamoo mjomba. Pamba huwa anakula kinyesi chake usiku, ndiyo kimemuumiza?

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Hapana, kile laini lazima akile, kina vitamini zake. Usimzuie.

Mama Zuu: Daktari kampapasa, kasema gesi. Kachomwa sindano ya maumivu, na dawa nyingine ya kuuamsha utumbo. Anabaki hapa mpaka jioni.

Shangazi Mwana: Alhamdulillahi.

Mama Zuu: Kaka, nyasi kavu huko Muheza zipo?

Mjomba Hamisi: Tele. Gunia moja nalipandisha basi la kesho asubuhi. Akirudi aanze na nyasi na maji tu, mboga nyingine muongeze kidogokidogo, moja moja. Na nauli ya gunia unalipa wewe 😂