Dashibodi inacheza, fundi ananiambia nilipeleke gari kwa mchungaji. Mama mkwe kaitikia AMINA!!!

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari nje ya nyumba yangu mwenyewe, siwezi kuingia. Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa mafundi bora, tutakosana.

Yule fundi mnamjua. Wa chini ya mwembe, anayesikiliza injini kafumba macho kama anapokea simu kutoka mbinguni. Simtaji. Nusu ya humu kashawarudishia gari na boliti tatu za ziada kwenye mfuko wa rambo.

Leo asubuhi nampeleka mama mkwe stendi, basi saa tatu. Naweka funguo ON kwenye ka-Ist kangu, taa zote zinawaka vizuri: ya betri, ya oili, ya cheki injini. Napiga stata: giza. Dashibodi yote inazima, mishale inaruka kama ina degedege, kunalia tatatatata. Naachia funguo, inafufuka, trip (kile kihesabu cha kilomita za safari moja) imerudi sifuri, saa inasoma 1:00. Narudia, vilevile.

Nikamwita mtukufu. Kaja na bisibisi MOJA na kijiti cha meno. "Piga stata." Tatatatata. Akarudi nyuma hatua tatu, akamgeukia mama mkwe, siyo mimi mwenye gari: "Mama, hili lina mapepo. Lipelekeni kwanza kwa mchungaji, halafu mniletee laki tatu na nusu nitafute dashibodi nyingine yusdi."

Mama mkwe: "Amina."

Amina jamani! Mbele ya muuza mihogo! Mama aliyenipa binti yake!

Nikasema basi tuchomoe betri tuangalie. Akaruka: "Usiguse, kilomita zote zitafutika!" Hivi kilomita zingekuwa zinafutika kwa kuchomoa betri, wauza magari wangehangaika na watu wa laptop kuzirudisha nyuma? Si wangechomoa tu wakaenda kunywa chai? Kinachopotea ni trip na saa. Kilomita zimeandikwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Lakini utabishana vipi na mtu ambaye kashaitikiwa amina?

Akaja kijana wa duka la betri ng'ambo ya barabara, ana mita. Kwenye betri yenyewe, volti 12.5. Akahamishia kwenye terminali, kile kichwa cha waya kinachobana betri, "piga bosi": ikaporomoka mpaka 6. Terminali imejaa unga kama sembe. Taa za dashibodi zinakula umeme kiduchu, unapenya hata kwenye kutu. Stata inataka ampea zaidi ya 100, hapo njia inakaba, na kinachobaki hakitoshi hata kushikilia kompyuta ndogo ya dashibodi. Inazima, inaanza upya, inazima. Ndiyo mapepo yenyewe hayo. Maji ya moto, msasa, kakaza. Likawaka mara moja, taa ya betri ikazima, mita ikasoma 14.1. Elfu mbili. Kilomita zangu 187,000 ziko palepale.

Basi limeshaondoka. Mama mkwe yuko ndani anamsimulia mke wangu. Namsikia dirishani. Kafika kwenye mchungaji. Ile amina anaitamka upya.

#2 Spana Kumi
Mkuu, terminali inakazwa kwa spana ya kumi, dakika mbili, na wewe una gari miaka mingapi? Mama yuko sahihi.

#3 Mnyonge wa Kitaa
Amina.

#4 Kibuyu Kikavu
Amina.

#5 Msafiri Kafiri
Huyohuyo alinibadilishia alternata. Nilimwambia taa ya betri inawaka nikiweka ON. Sasa injini haijawaka, alternata haizunguki, itachaji vipi? Taa INATAKIWA kuwaka! Akafunga nyingine, ON, taa inawaka vilevile. Akasema "bado inazoea mazingira". Laki na themanini yangu.

#6 Kibuyu Kikavu
Inazoea mazingira 😂😂 kama mwanafunzi wa bweni

#7 Jirani Mwema
Afadhali yenu mnapigiwa msasa yanaisha. Huku kwetu ikifika saa moja jioni umeme unashuka, taa zinakuwa kama kibatari, friji inanguruma kama inabeba mizigo. Kompresa ya pili hii. Nikipiga simu naambiwa "tatizo lako linafanyiwa kazi mteja wetu". Tangu mwaka jana linafanyiwa kazi.

#8 Mnyonge wa Kitaa
Kushuka ni nafuu. Kwetu ulikatika, ukarudi kwa hasira, ukaondoka na runinga, king'amuzi na chaja ya mpangaji. Nadaiwa chaja mpaka leo.

#9 (mleta uzi)
Wakuu uzi ni wa dashibodi.

#10 Spana Kumi
@Jirani Mwema friji lita ngapi? Nina gadi hapa, umeme ukishuka inakata yenyewe, ukitulia inasubiri dakika kadhaa ndiyo inarudisha.

#11 Jirani Mwema
Lita 200. Bei?

#12 Mnyonge wa Kitaa
Na ya runinga unayo?

#13 Spana Kumi
Njooni PM wote wawili. Mleta uzi na wewe njoo, msasa ninao.