Kuna aliyepona presha kwa yoga? Nipo Kigoma, naomba ushauri

Mchuuzi wa Kibirizi
Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 43, mama wa watoto wanne, nauza dagaa na migebuka hapa Kigoma. Tangu mwaka jana nina presha na daktari alisema mawazo yanachangia. Usingizi sipati, kisogo kinagonga, simu ikiita tu moyo unaenda mbio. Mwezi uliopita nikaanza yoga kwa dada mmoja upande wa Katonga, elfu tano kwa siku. Tunavuta pumzi, tunanyoosha mgongo, mwisho tunalala chali kimya. Kusema kweli sasa nalala. Hata juzi nilikesha Kibirizi nikisubiri mzigo wa dagaa, moyo ukaanza mbio, nikafanya zile pumzi ukatulia. Swali langu: kuna aliyepona kabisa? Ilimchukua muda gani?

Reli ya Kati
Pole mama. Mimi niko Tabora, miaka minne nililia na tumbo. Kila mtu: mawazo hayo, acha kuwaza. Nikaacha pilipili, nikaacha kahawa, nikaacha hadi kuangalia mpira. Kuja kupimwa, ni bakteria. Vidonge vya wiki mbili, kwisha habari. Wale Waaustralia wawili waliomgundua huyo mdudu walipewa Nobel 2005, na mimi ningewapa gunia la karanga. Pima tumbo pia.

Nuru ya Ujiji
Dada yangu, hiyo ni ibada ya watu wa India, tena ina miungu yake. Pumziko la kweli liko kwenye sala. Umeshasali usiku wa manane ukaona moyo unavyotulia?

Mwanafunzi wa Afya
Asili yake ni India kweli, na wapo wanaoifanya kama ibada. Lakini anachofanya mama ni kunyoosha viungo na kupumua. Umoja wa Mataifa ulishaitengea siku, Juni 21, tangu 2014, na dini zote wanafanya. Sala yake aendelee nayo.

Kaka Mgebuka
Kwetu Mwanga mtu mzima akilala chali kimya saa saba mchana, majirani wanaanza kuchangisha rambirambi.

Nesi Mstaafu
Mama, acha hao kwanza. Unameza dawa gani, na presha mara ya mwisho ilisoma ngapi?

Mchuuzi wa Kibirizi
Shikamoo mama. Ilisoma 172 kwa 104. Dawa nilikuwa napewa amlodipini.

Nesi Mstaafu
Marahaba. Nimekuuliza unameza nini, umenijibu ulikuwa unapewa nini.

Mchuuzi wa Kibirizi
Haya, niseme. Leo siku ya 19 sijameza. Lakini msinihukumu, nina sababu. Miguu ilivimba hadi kandambili haziingii. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki pale pale. Mwalimu hakuniambia niache, niliamua mwenyewe. Nimeshalipia miezi mitatu, na nasema kweli najisikia mwepesi kuliko nilipokuwa nameza. Bibi yangu alikufa mzee sana na kidonge hakukijua. Sasa nirudi kwenye miguu ile?

Nesi Mstaafu
Sikuhukumu, mwanangu. Kuvimba miguu kwa dawa hiyo kunajulikana, ungerudi tu kusema. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kukupa aina nyingine, dawa za presha ziko nyingi. Wewe umeondoa dawa na hukumwambia mtu.

Huo wepesi usikudanganye. Amlodipini inatoka mwilini taratibu, siku kadhaa, ndiyo maana hukushtuka ulipoacha. Na presha kubwa mara nyingi haiumi. Nimepokea watu wodini waliotoka shambani kwa miguu yao asubuhi, jioni upande mmoja umelala na mdomo umepinda.

Yoga siipingi. Mtu aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukishuka hadi 6 hivi, ukawa unatoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni unaupunguzia moyo kasi. Ndicho kilichokutuliza juzi. Kwa muda mrefu inaweza kushusha presha pointi chache, na kwa mtu wa 172 pointi chache hazitoshi. Ifanye pamoja na dawa. Na mitindo ya kuinamisha kichwa chini ya moyo iache mpaka presha ishuke. Mwalimu wako anajua una presha?

Mchuuzi wa Kibirizi
Hakuuliza.

Mvuvi wa Taa
Jamani, mimi naona hii chai. Anasema juzi alikesha Kibirizi akisubiri mzigo wa dagaa. Juzi mwezi ulikuwa mpevu! Mbalamwezi dagaa hawaifuati taa, wavuvi wote tuko nyumbani tunashona nyavu. Mzigo ulitoka wapi? Huyu ndiye mwalimu mwenyewe, anatafuta wateja.

Kaka Mgebuka
Hata mimi ile "elfu tano kwa siku" niliisoma mara mbili. Tangazo hili.

Nuru ya Ujiji
Uongo ni dhambi hata mtandaoni.

Nesi Mstaafu
Mwenye kutafuta wateja angesema amepona. Mwacheni ajibu.

Mchuuzi wa Kibirizi
Mvuvi amesema kweli, mzigo haukuwepo. Nililala stoo juu ya magunia kwa sababu wa mikopo walikuwa wanakuja nyumbani.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, sikuwa na cha kuuza na watoto wawili wako bweni. Nikakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, laki nane. Nikachukua nyingine kulipa ile ya kwanza. Mpaka leo nalipa riba, deni liko pale pale. Simu zinazonikimbiza moyo ndizo hizo. Mume wangu hajui, anadhani nalala Kibirizi kwa biashara. Yoga mnayoicheka, ile nusu saa ndiyo pekee kwa siku nzima ambayo hakuna anayenidai.

Mvuvi wa Taa
Nisamehe dada. Miezi ile mitatu mimi niliuza injini ya mtumbwi.

Reli ya Kati
Huku tumbaku ikichelewa kulipwa ni hivyo hivyo. Mwambie mzee. Mimi mke wangu aligundua deni kwa jirani, hilo ndilo lililomuuma.

Nesi Mstaafu
Asubuhi nenda hospitali kabla ya sokoni. Sema umeacha siku 19 na sema sababu, usione haya. Usiku huu kifua kikibana, macho yakififia, ulimi ukiwa mzito au mkono ukifa ganzi, usingoje kuche.

Mchuuzi wa Kibirizi
Saa tatu asubuhi. Nimepimwa, 168 kwa 106. Nipo foleni, mbele yangu watu saba. Simu imeita mara mbili, nimehesabu pumzi na sikupokea. Ya tatu nimepiga mimi, nimemwambia baba watoto anikute hapa. Ameuliza nani anaumwa, nikasema ni mimi na kuna jingine nitamwambia uso kwa uso. Anakuja na bodaboda.

Mvuvi wa Taa
Dada, hayo magunia stoo ni ya dagaa? Mangapi? Nina mteja Tabora anataka kumi wiki hii, analipa mkononi.